Baiskeli za Mbesa, nani kazihesabu?

Na Mwandishi Wetu

UKITAKA kujua mechi ya kijijini ni kubwa kiasi gani, usiangalie uwanja. Angalia baiskeli.

Mjini ukubwa wa mechi unaonekana kwenye foleni ya magari na jezi zinazouzwa barabarani. Kule Mbesa, wilayani Tunduru mkoani Ruvuma, mbali kabisa na Songea ya Majimaji 'Wanalizombe', mechi kubwa unaijua kwa Phoenix zilizolazwa nyuma ya mstari na nyingine zilizoegemezwa kwenye miti. Baiskeli moja imeleta mashabiki watatu: mmoja anaendesha, mwenzake kakaa kwenye keria, mdogo wao kapakiwa mbele.

Refa akipuliza filimbi ya mwisho, wote hao wanaingia barabara moja kwa wakati mmoja, giza nalo likibisha hodi. Wapo wa baiskeli, wapo wa miguu, wapo watoto wanaoendelea kupigiana mpira huku wanatembea. Katikati yao anapita bodaboda, na mara moja moja lori.

Kesho yake vijiweni stori ni moja tu: uwanja ulifurika. Ulifurika watu wangapi? Hapo kila mtu ana namba yake, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda.

Kwa stori za kijiweni hilo si kesi. Ishu inakuja siku barabara hiyohiyo inapotakiwa kupanuliwa, kuwekewa njia ya pembeni, kivuko au tuta. Siku hiyo swali la watu wangapi linaulizwa na mhandisi mwenye bajeti mkononi, na jibu la "wengi sana" halimsaidii kitu. Anataka namba, na anataka namba ambayo mtu mwingine akirudia kuhesabu ataipata ileile au inayokaribiana nayo.

WEMBLEY ILIVYOUMBUKA

Soka lenyewe liliwahi kulipia kosa la kutojua idadi ya watu wake. Aprili 28, 1923, Uwanja wa Wembley, London, ulifunguliwa kwa fainali ya Kombe la FA kati ya Bolton Wanderers na West Ham United. Tiketi nyingi hazikuuzwa mapema. Watu waliambiwa waje, walipe mlangoni.

Walikuja. Hesabu rasmi ya getini ilikuwa watu 126,047. Lakini maelfu waliruka kuta na kupita palipokuwa wazi, na makadirio ya walioingia yanafika 200,000 na kuzidi. Mashabiki walijaa hadi eneo la kuchezea, askari wa farasi wakafanya kazi ya kuwasukuma hadi nje ya mistari, na mechi ikachelewa kwa takriban dakika 45. Bolton walishinda 2-0.

Mashine za getini hazikukosea kuhesabu. Zilihesabu vizuri kabisa wale waliopita getini. Tatizo ni kwamba nusu ya stori ilikuwa inaruka ukuta. Baada ya pale, fainali hiyo ikawa ya tiketi za mapema, kwa sababu waandaaji walijifunza kwamba huwezi kupanga ulinzi, milango na viti kwa watu usiojua idadi yao.

Barabara ya kijijini nayo ina ukuta wake wa kuruka. Ukiweka mtu wa kuhesabu barabarani tu, halafu nusu ya watu wanakatiza kwenye vijia vya mashambani kwa sababu barabara ina vumbi na magari yanawabana, fomu itasema watu ni wachache. Ukweli ni kwamba watu wapo, ila wameikimbia barabara.

LORI LINAVUNJA, BAISKELI HAIVUNJI

Tanzania ina watu wanaohesabu. Tangu mwaka 2000 barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na tangu 2017 barabara za mijini na vijijini zina TARURA. Bila kujua magari mangapi yanapita, mhandisi hawezi kuamua lami iwe nene kiasi gani.

Hapo ndipo baiskeli inapowekwa benchi. Kinachochakaza lami ni uzito wa ekseli za malori. Phoenix hata ikibeba gunia mbili za mpunga haiachi alama. Kwa hiyo hesabu inayotafuta unene wa lami itayakazia macho malori na mabasi, na baiskeli ikipita mbele ya mhesabuji anaweza kuiona kama upepo tu.

Lakini barabara haina unene peke yake, ina upana pia. Upana wa bega la barabara, mahali pa kuvuka, taa, tuta mbele ya shule: hivyo vyote vinategemea wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Ukikosa namba zao, utajenga barabara imara ya magari yanayokwenda kasi, halafu utawaacha wengine wagombanie ukingo.

Sensa nayo haiwezi kuziba pengo hilo. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, kazi kubwa kwelikweli. Ila sensa inakuhesabu pale ulipolala. Haijui kwamba asubuhi ulitembea kwenda shamba, mchana ukaendesha baiskeli kwenda dukani, jioni ukaenda uwanjani na kurudi usiku.

Na wanaoachwa nje ya fomu ndio wanaoumia. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilisema watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani duniani kila mwaka, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki.

SHERIA KABLA YA FILIMBI

Hesabu nzuri inaanza kama mechi nzuri: watu wanakubaliana sheria kabla ya kuanza, siyo wakishafungwa.

Chukua tukio ambalo mtu wa Mbesa hahitaji kuelezwa. Kijijini kuna hospitali ya misheni inayotegemewa na watu wa mbali. Mgonjwa anakuja amekalishwa kwenye keria, ndugu anaisukuma baiskeli kwa mikono, na mama anafuata nyuma na sufuria kichwani. Mhesabuji aandike nini?

Mmoja ataandika baiskeli moja, basi. Mwingine ataandika waenda kwa miguu wawili. Wa tatu ataandika baiskeli moja na watu watatu. Wote wameona tukio moja, na wote wanaweza kujitetea. Ndiyo maana fomu lazima iseme mapema: tunahesabu vyombo au watu? Baiskeli inayosukumwa inaingia safu gani? Abiria wa keria anaandikwa? Mtoto mgongoni je? Bodaboda ina safu yake, isije ikachanganywa na baiskeli kwa sababu zote zina magurudumu mawili.

Jambo la pili ni kutofautisha mtu na mpito. Mama akipita mara nne kwenda kisimani na kurudi, hiyo ni mipito minne, siyo akina mama wanne. Hakuna ubaya wowote, mradi anayesoma namba ajue kilichohesabiwa. Ni kama mashuti na washambuliaji. Timu ikipiga mashuti 12, hakuna anayedhani ilikuwa na washambuliaji 12.

La tatu ni mstari. Mhesabuji hachagui kivuli kizuri, anachagua mstari wa kufikirika unaokata barabara pamoja na vijia vyake vyote, na anamhesabu kila anayeuvuka, akitenganisha wanaokwenda na wanaorudi. Kama kuna kijia kinachojificha nyuma ya nyumba, kinapewa mtu wake.

Kisha kazi yenyewe: vijiti vinne, cha tano kinawakata, na kila dakika 15 unaanza mstari mpya wa fomu. Dakika 15 zina maana yake. Ukiandika jumla ya siku nzima peke yake, hutajua kama watu walipita taratibu kutwa nzima au walimwagika wote kwa mpigo shule ilipofunguliwa. Kwa mwenye kupanga kivuko, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Macho nayo huchoka. Mtu aliyekaa juani saa sita mfululizo hahesabu tena, anakisia. Kwa hiyo wahesabuji hupokezana kama wachezaji wa akiba, na kwa baadhi ya saa wanawekwa wawili sehemu moja, kila mmoja na fomu yake, bila kuchunguliana. Tuseme mmoja amepata 200 na mwingine 196: endelea. Mmoja akipata 200 na mwenzake 140, hapo kuna mtu alikuwa anachati, au sheria haikueleweka. Saa hiyo inarudiwa. Haigawanywi katikati ili kuondoa aibu.

SIKU GANI, MSIMU GANI

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapopigwa bao. Mhesabuji anakuja Jumanne, anakaa saa mbili, anaondoka. Namba yake inaingia kwenye ripoti na inaishi miaka kumi.

Saa mbili za Jumanne haziwezi kuijua Mbesa. Haziijui Ijumaa, watu wanapokwenda msikitini. Haziijui Jumapili ya ibada asubuhi na mechi jioni. Haziijui siku ya gulio. Kadiri wapitaji wanavyokuwa wachache kwa saa, ndivyo bahati inavyotawala: kikundi kimoja cha wanafunzi kikipita dakika tano kabla hujakaa, namba yako imeanguka. Ndiyo maana kwa hesabu ya mikono inafaa kukaa tangu saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, na ikiwezekana kugusa siku zote saba za wiki.

Msimu nao una nguvu kuliko refa. Tunduru ni nchi ya korosho. Kuanzia Oktoba, mavuno yanapokolea, keria zinabeba magunia kwenda maghala ya vyama vya ushirika, na pesa ikishaingia, safari za dukani zinaongezeka. Njoo barabara hiyohiyo masika, kijia kimejaa tope, baiskeli imebebwa begani. Njoo Juni au Desemba, shule zimefungwa, utadhani kijiji hakina watoto.

Hakuna msimu uliokosea hapo. Kosa ni kuchukua picha ya siku moja na kuiita ligi nzima. Timu iliyoshinda mechi moja haipewi kombe.

Na siku ya fainali ya kata je, ihesabiwe? Ihesabiwe, tena iandikwe kwa kalamu nene kwamba ilikuwa siku ya fainali. Hiyo siyo wastani wa kijiji, lakini ndiyo siku barabara inabeba watu wengi gizani. Mwenye kupanga usalama anaihitaji siku ya kawaida, na anaihitaji siku ya mafuriko pia. Asichotakiwa kufanya ni kuzichanganya.

Mvua, msiba mkubwa, mkutano wa hadhara, gari lililokwama na kufunga njia: vyote vinaandikwa pembeni ya fomu. Namba isiyo na maelezo ni kama matokeo ya 3-0 bila kusema kwamba timu moja ilicheza pungufu tangu dakika ya tano.

MASHINE NAYO HUKOSEA

Wenzetu wa nchi tajiri wana mashine. Kwenye Daraja la Fremont jijini Seattle, Marekani, mashine ilianza kuhesabu baiskeli Oktoba 2012, usiku na mchana, mvua na jua. Faida yake kubwa siyo kuokoa watu wa kukaa juani. Faida ni kwamba mashine inayokaa mwaka mzima inakuonyesha umbo la mwaka: mwezi gani unapanda, siku gani inashuka. Ukishalijua umbo hilo, hata hesabu fupi ya wiki moja kwenye barabara jirani yenye tabia kama hiyo unaweza kuikadiria kuwa ya mwaka.

Ila mashine siyo malaika. Mpira unaolazwa barabarani unahesabu magurudumu yanayoukanyaga, na anayeukwepa pembeni hayumo. Nyaya zinazozikwa chini hunusa chuma, na zinamwona anayepita juu yake tu. Mashine ya mwali inayohesabu watu wanaokatiza mbele yake huwaona marafiki wawili wanaotembea bega kwa bega kama mtu mmoja. Sasa fikiria mashabiki wanaotoka uwanjani wamekumbatiana, wanaimba. Mashine itawapunja sana.

Dawa yake ni ya VAR: jicho la binadamu linairudia mechi. Mtu anakaa pembeni ya mashine kwa saa kadhaa na kuhesabu mwenyewe. Kwa mfano, mashine ikisema 80 na mtu aliyehesabu kwa makini akisema 100, basi kila 80 ya mashine hapo mahali ina thamani ya 100, yaani unazidisha kwa 1.25. Zoezi linarudiwa wakati wa msongamano na wakati wa utulivu, kwa sababu mashine inaweza kuwa sahihi asubuhi tulivu na ikapotea jioni ya mechi.

Halafu kuna sifuri. Mashine ikiandika sifuri siku tatu mfululizo, uliza kwanza: betri imekufa? Buibui kajenga mbele ya jicho lake? Na ikiruka ghafla kutoka mia hadi elfu tano, mtu kafunga mbuzi hapo? Sifuri ya kweli ni kwamba hakupita mtu. Sifuri ya betri ni kwamba hatukupima. Ukiziandika sawa, umeharibu wastani wa mwezi mzima.

Wapo wanaosema simu zimemaliza kazi yote hiyo. Programu kama Strava huonyesha njia wanazopita watu wanaorekodi mazoezi yao kwa simu, na miji kadhaa duniani hutumia taarifa zake. Sawa, lakini baba wa Mbesa anayepeleka ufuta mnadani kwa Phoenix harekodi mazoezi. Ukipanga barabara yake kwa kutumia simu za wakimbiaji, umempangia mtu mwingine.

KUJAZA UWANJA

Kuna hatari nyingine ambayo mashabiki wa soka wanaijua vizuri: kujaza uwanja kwa mipango. Kijiji kikisikia kwamba barabara itajengwa penye namba kubwa, kuna watakaoona ujanja wa kupitisha vijana na baiskeli zao kwenda na kurudi kutwa nzima. Inaonekana ni uzalendo. Kwa kweli ni kujifunga bao, kwa sababu namba ikigunduliwa kuwa ya kupika, na zile za kweli zitatupwa pamoja nayo.

Kinga yake ni uwazi. Fomu ziwe na jina la mhesabuji, mahali, tarehe, saa na hali ya hewa. Fomu za asili zitunzwe, siyo jumla peke yake. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji ili mwananchi aseme hapa mmesahau njia ya mtoni. Na hesabu irudiwe mwaka unaofuata, mahali palepale, kwa sheria zilezile. Ukibadilisha mahali au sheria, huwezi kusema watu wameongezeka. Umebadilisha magoli tu.

Wa kuifanya wapo. Vijana wa timu wanaoweza kukuambia nani alitoa pasi ya bao la msimu uliopita hawawezi kushindwa na vijiti vitano. Wanachohitaji ni mafunzo, fomu, maji ya kunywa, posho inayolipwa kwa wakati na msimamizi anayepita bila taarifa kama kamisaa wa mechi.

DENI LA THIKA

Gharama ya kuchelewa kuhesabu ilionekana kwa jirani. Nchini Kenya, barabara ya Thika, yenye urefu wa karibu kilomita 50, ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012. Barabara ya maana, magari yakapaa. Lakini watu wa miguu walikuwa pale tangu zamani na waliendelea kuvuka. Wengi waligongwa, na madaraja ya kuvukia yakaendelea kuongezwa barabara ikiwa tayari inatumika. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ikatoa sera yake ya usafiri usiotumia injini. Sera ilikuja, ila baada ya lami.

Dar es Salaam ilipoanza mabasi ya mwendokasi Mei 2016, njia ile ya karibu kilomita 21 ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Jijini humohumo, shirika la Amend lilichagua shule ambazo watoto wake wanagongwa zaidi, likaweka matuta, vivuko na njia za miguu, na mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya miji ya taasisi ya WRI. Hawakuanza na saruji. Walianza kwa kujua ni watoto wa shule gani, na wanaumia wapi.

Mbesa bado ina nafasi ya kuhesabu mapema. Ni rahisi kuchora bega la barabara kwenye karatasi kuliko kulibandika baadaye kwenye lami iliyokwishakauka.

Filimbi ya mwisho imeshapulizwa. Watu wanamiminika barabarani, Phoenix moja na mashabiki watatu, watoto na mpira wao, mama na sufuria anatoka hospitali. Kwa mbele taa za lori zinakuja. Pembeni amekaa kijana na fomu. Akiandika "lori 1" na kufunga kalamu, barabara itajengwa kwa ajili ya lori moja.